Ngapi, Mwali?

Kaka yangu Mwinshehe,

Shikamoo. Marahaba nitajiitikia mwenyewe, maana wewe ulikuwa mvivu wa kuitikia hata ulipokuwa mzima. Mtu anakusalimia yuko mlangoni, wewe umeshapita, umemwachia vumbi.

Ninakuandikia kutoka Kisarawe, huku nilikoolewa. Mwandiko huu ni wangu, usicheke. Siku hizi tuna darasa la kisomo sisi wanawake, alasiri, kwenye banda la nyuma ya kanisa, Waislamu na Wakristo pamoja. Anayetufundisha ni mke wa mchungaji. Ni mpole, lakini ukikosea herufi anakutazama mpaka unatamani ardhi ipasuke ikumeze. Wiki hii ametuambia kila mmoja aandike barua kwa mtu aliye mbali, barua ya wazi, ya kusomwa mbele ya wenzake. Wengi wanawaandikia waume zao waliokwenda kukata mkonge. Mimi nakuandikia wewe, kwa sababu sina mtu aliye mbali kukuzidi.

Mama naye yumo darasani. Tangu Baba afariki anakaa kwangu. Herufi zimemshinda, anasema zote zina sura moja na yeye macho yake si ya kubagua kunde. Ila tarakimu moja ameipata, nayo ni tisa. Mwalimu akisema tuandike moja, Mama anaandika tisa. Akisema tuandike tano, Mama anaandika tisa. Ubao wake umejaa tisa, nyingine zimelala chali, na akiulizwa anajibu kwa raha zake, "Hii ndiyo ya mwanangu." Darasa zima wanaijua habari hiyo, ameshawasimulia mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka. Yeye akisimulia, mimi hujifanya nafuta ubao. Basi hiyo tisa ya Mama ndiyo iliyonishikisha kalamu.

Unakumbuka siku ya kwanza ulipokimbia pale Visiga? Ulikuwa umerudi vitani, huna mwaka nyumbani, unafanya kibarua cha barabara. Yule Mzungu tuliyekuwa tukimwita Bwana Barabara alikuwa amewaambia kwamba kutakuwa na michezo Dar es Salaam, na ndani yake kuna mbio inaitwa marathoni, maili ishirini na sita na kipande, na mshindi atapelekwa Nairobi kushindana na watu wa nchi nyingine. Ukaja nyumbani unameremeta. Baba alikusikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Maili ishirini na sita, na hakuna anayekufukuza?" Ukasema hakuna. Baba akarudi kwenye kahawa yake.

Kesho yake asubuhi ukavua shati, ukashika barabara kuelekea Kongowe. Mimi nilikuwa nimetumwa kuni pamoja na wanawake wa jirani. Tukakuona unakuja mbio kwenye ukungu, kifua wazi, macho mbele, husemi na mtu. Enzi hizo mtu mzima hakuwa akikimbia barabarani bila sababu, na sababu tuliyokuwa tukiijua sote ni simba. Mwanamke wa mbele akatupa mzigo. Wa pili akatupa. Tukakufuata nyuma tukikimbia na kupiga mayowe, na wewe kusikia mayowe nawe ukadhani simba yuko nyuma yetu, ukaongeza mbio! Tulifika Kongowe tukiwa kundi, wanaume wakatoka na mapanga, wauza mihogo wakaacha mihogo yao. Ulipoeleza kwamba unafanya mazoezi, mzee mmoja alitaka kukupiga. Nilikucheka njia nzima ya kurudi, na kuni zetu tukazikuta zimeliwa na mchwa. Naam, mchwa naongezea mwenyewe, lakini mengine yote ni kweli.

Hiyo ndiyo mara pekee niliyokuona ukikimbia kwa macho yangu. Mwezi haukuisha nikavunja ungo, nikawekwa ndani.

Wewe ulikuwa mwanamume, haya hukuyajua. Chumba changu kilikuwa kile cha nyuma, hakina dirisha, mwanga unaingia pale juu tu ukuta unapoachana na makuti. Nilikuwa nikitoka alfajiri tu kuoga, nimefunikwa nguo gubigubi, kisha narudi. Ngozi ikawa nyeupe kwa kukosa jua. Nilipewa mwanahiti, mtoto wetu yule wa mti, nimpake mafuta ya mbarika, nimbebe, nimlaze, nisimwangushe. Bi Tausi, kungwi wangu, alikuwa akija kila siku kunifunda. Sheria zake zilikuwa nyingi lakini moja ilizidi zote, kwamba sauti ya mwali haisikiwi na mwanamume. Hata kukohoa nikohoe kwenye nguo. Nikamuuliza ikisikika itakuwaje. Akanitazama sana, akasema mwali akipaza sauti, nuksi haimpati yeye, inampata ndugu yake wa kiume.

Nilikuwa na ndugu mmoja tu wa kiume.

Bwana Barabara akakupimia njia kwa motokaa yake, kutoka nyuma ya nyumba yetu mpaka lile jiwe la maili upande wa Kongowe na kurudi, maili tatu. Ukapiga hesabu, mizunguko tisa ni ishirini na saba. Ukasema izidi tu, bora izidi kuliko kupungua. Jumapili ndiyo uliyokuwa hukai kazini, basi kila Jumapili ulianza alfajiri, bila viatu, tumboni una uji tu, ukawa unapita nyuma ya ukuta wangu. Mimi humo ndani nasikia miguu inakuja kutoka mbali, inakuwa mikubwa, inapita, inafifia. Nikawa najua ukikanyaga changarawe, najua ukiruka lile shimo karibu na kisima. Siku zangu nyingine za juma hazikuwa na kitu, kaka. Jumapili ilikuwa na wewe.

Lakini wewe na hesabu! Vitani mlihesabiwa na wengine, ndiyo maana. Ulianza na kokoto mkononi, ukawa unazitupa ukipangusa jasho. Ukafunga mafundo kwenye kamba, ukasahau kama umefunga. Siku moja ukasimama nyuma ya ukuta, unahema, unabishana na nafsi yako kama huo ni wa nne au wa tano. Mimi nilikuwa nimehesabu, sina kazi nyingine. Nikashindwa kuvumilia. Kuna mti wa ukuta uliokuwa umechomoza kwenye udongo, nikaugonga kwa kifundo cha kidole, mara nne.

Kisha nikakusikia unacheka taratibu, ukaendelea.

Tangu siku hiyo ukawa ukifika unapiga kiganja ukutani na kuuliza, "Ngapi, mwali?" nami nagonga. Kugonga si sauti, nilijiambia. Kama Bi Tausi alijua, alijifanya hajui. Mama alijua, akawa anacheka na kusema mwali wake amekuwa karani. Niliona fahari, nakwambia. Msichana wa miaka kumi na minne amefungiwa gizani na kipande cha mti, halafu kuna mtu anakimbia maili ishirini na saba na hawezi kujua amefika wapi bila yeye. Nilijiona nakimbia nawe. Nilipanga ukienda Nairobi utaniletea kanga, na ukiniletea nitakuwa nimeshatoka nje.

Lakini lugha yetu ilikuwa ya namba tu. Moja mpaka tisa. Hatukuwahi kukubaliana namna ya kugonga ya kusema jingine lolote.

Jumapili ile ilikuwa ya mwisho kabla ya michezo, mvua za vuli zimechelewa, jua linawaka toka asubuhi. Jana yake jioni nilikusikia uani unatetemeka meno. Mama alikuuliza, ukamwambia ni baridi ya kuoga. Baridi gani na joto lile? Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta na nilijua ni homa. Nilisema moyoni kesho hatakimbia.

Ukakimbia. Mzunguko wa kwanza mpaka wa nne sikusikia kosa. Wa tano mguu mmoja ukawa unakaa chini kidogo kuliko mwenzake. Ulipofika na kuuliza ngapi, sauti ilikuwa kavu. Nikagonga tano. Wa sita hukupiga kiganja, uliegemea ukuta mzima, udongo ukanidondokea begani. Nikagonga sita, ukakaa, ukakaa, ndipo ukaondoka. Changarawe sasa zilikuwa zinaburutwa.

Mama na Baba walikuwa shamba. Bi Tausi alikuwa ukumbini anasuka ukili. Nikamwita kwa kunong'ona, nikamwambia, "Bi, mwambie kaka asimame. Ana homa, miguu yake si sawa." Akauliza nimeijuaje miguu ya mwanamume. Nikasema naisikia. Akasema mwali hasikii. Nikapiga magoti, nikamshika nguo. Akanitoa mikono kwa upole, hakunigombeza, akasema wewe ulikuwa askari, umetoka kwenye vita vya Wazungu hai, hutauawa na barabara ya Morogoro. Akarudi kwenye ukili wake. Sikumchukia, kaka. Hata leo simchukii. Alisema alichokijua.

Basi nikabaki na ukuta. Nikawa nasikia unakuja kutoka mbali na kila hatua naijua. Nilikuwa na sauti. Neno moja tu lingetosha, na mlango ulikuwa haufungwi kwa komeo. Lakini lile la nuksi lilikuwa limenikaa shingoni. Niliogopa nikipiga kelele ndiyo nitakuwa nimekuua. Unanielewa? Niliona vifo viwili, kimoja kiko miguuni kwako na kimoja kiko mdomoni kwangu, na nikashindwa kujua ni kipi cha kukikimbia.

Ulipofika wa saba sikungoja swali. Nilichukua mwanahiti, yule mtoto wa mti, nikagonga. Si saba. Niligonga bila kuacha, kwa mikono miwili, mpaka ukuta ukatikisika na vumbi likanijaa machoni. Nilikuwa nasema simama. Nilikuwa nasema kaa chini, ingia ndani, basi, basi, basi.

Ukacheka. Nilikusikia vizuri. Ukasema, "Ahaa! Leo mwali wangu ananipigia ngoma!" Na miguu ile iliyokuwa ikiburutwa ikanyanyuka. Uliondoka pale kwa mbio ambazo sikuwa nimezisikia kwako tangu siku ya simba.

Vijana wa barabara walikuokota karibu na jiwe la maili. Wakakuleta kwa toroli lao la kubebea kifusi. Toroli lilikuwa na gurudumu linalolia, nikalisikia likija kwa njia yako ileile, na kabla mtu hajasema neno nilijua limekubeba wewe.

Walikulaza chumba cha Mama, ukuta mmoja na wangu. Siku tatu. Dresa wa zahanati alikuja siku ya pili, akakupa vidonge, akamwambia Baba kwamba homa ilikuwamo toka mwanzo na jua limeimalizia. Watu waliingia na kutoka, kila mtu alikuona, mpaka majirani ambao hatukuwa tukipatana nao walikuja kukuona. Mimi nilikuwa karibu nawe kuliko wote na sikuruhusiwa. Nilisikia ukiomba maji na nilisikia ukipewa. Siku ya pili Mama akaingia kwangu na uji, macho yamevimba, akasema umempa ujumbe. Umesema aniambie asante. Umesema ulikuwa umeshakata tamaa pale nyuma ya nyumba, ulitaka kukaa chini, lakini niliposhangilia ukapata nguvu.

Ulitaka kukaa chini.

Nilikunywa ule uji, kaka. Mama alikuwa amesimama anangoja bakuli, ningefanya nini? Niliunywa wote.

Siku ya tatu alasiri nyumba ilikuwa kimya, Mama amekwenda kisimani, Baba yuko msikitini. Nikasikia kitu kinakwaruza ukutani upande wako, kama kuku. Kisha kiganja. Kiganja chako nilikuwa nakijua, ila safari hii hakikuwa na uzito. Ukauliza, taratibu sana, "Ngapi, mwali?"

Hapakuwa na mtu wa kunisikia ila wewe. Ningeweza kukwambia lolote. Ningekwambia sikushangilia. Ningekwambia jina lako tu. Nilifungua mdomo, na hakuna kilichotoka, kaka, maana muda wote ule nilikuwa nimejifunza kunyamaza, na nikawa nimejifunza kweli. Nikapapasa, nikapata mti kwenye ukuta wa upande wako. Nikagonga moja. Nikagonga mbili. Wewe ukawa unahesabu pamoja nami, nasikia midomo yako. Tulipofika saba nikasimama. Ukangoja. Nilisikia unavyongoja, pumzi yako ilikuwa imekaa pale juu haishuki.

Nikagonga nane. Nikagonga tisa.

Ukasema, "Basi nimemaliza." Mama aliporudi na ndoo ulimwambia na yeye, umemaliza tisa, kama anabisha amuulize mwali. Akaja kuniuliza. Nikaitikia kwa kichwa. Ukaondoka kabla ya magharibi.

Mazishi yako niliyasikia. Walikupitisha nyuma ya nyumba, miguu mingi, upesi upesi kama jeneza linavyokwenda. Nilikuwa nimejaziwa nguo mdomoni na Bi Tausi, akanikumbatia kwa nyuma tukalia pamoja bila sauti, na yeye ndiye aliyenitoa mwanahiti mikononi akaona ufa kichwani kwake. Hakuuliza. Alichukua mafuta akaupaka ule ufa, akaupaka, mpaka watu wakarudi makaburini.

Miezi minane baadaye nilitolewa nje kwa ngoma. Mjomba alinibeba mabegani, nimevishwa shanga, nimeinamisha macho kama nilivyofundishwa. Watu wanatunza, wanawake wanapiga vigelegele. Ile ndiyo sauti ya kushangilia, nikawaza, kumbe huwa hivi. Haifanani hata kidogo na niliyokupigia mimi.

Sasa nina mtoto wa kike. Anakimbia ovyo, miguu mirefu, ana haraka kama wewe. Mama mkwe ameshaanza kumtazama kifua na kuhesabu miaka, na juzi alimtengea chumba cha nyuma kwa maneno, akasema kile hakina dirisha, kitafaa. Nilitaka kusema jambo. Nikamenya mihogo.

Na Mama, kaka, ungemwona. Anawaambia watu wa Kisarawe kwamba mwanawe alikimbia maili ishirini na saba kwenye barabara ya Morogoro, akawazidi Wazungu kwa mbio yao wenyewe, halafu ndipo akapumzika. Haya ndiyo aliyobaki nayo. Kila mwaka yanaongezeka nguvu na yeye anazidi kupungua. Kuna siku nilianza kumwambia, nikasema, "Mama, ile Jumapili," akanikatiza akisema ndiyo, mwanangu, wewe ndiye shahidi, Mungu akulipe. Nitaanzia wapi tena hapo?

Kesho ni zamu yangu kusoma. Nimeshafikiri la kufanya. Nitasoma pale juu, habari za simba na kuni, wacheke. Yale ya katikati nitayaruka, mwalimu ataona nafunua karatasi na natumaini atakuwa na huruma. Nitakwenda moja kwa moja mpaka mwisho wa kukuaga, kwenye hesabu yako.

Kwa hiyo nakuaga. Sikukushangilia, nilikwambia usimame. Nisamehe kwa niliyogonga, na nisamehe kwa ambayo sikuyasema. Mvua za vuli zimechelewa tena mwaka huu. Pumzika, usimsikilize mtu yeyote anayekupigia ukuta.

Hesabu yako, nikiwa karani wako, naiandika hapa ilivyokuwa: 7. Mama atakuwa amekaa mbele kabisa na ubao wake magotini, na hiyo tarakimu bado hajaijua. Akiniuliza nimeandika ngapi, nitasoma tisa.

Ni mimi mdogo wako,
mwali wa nyuma ya ukuta